Ukweli Hauna Mwenyewe



Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha washairi. Kijana mmoja, mwenye sauti nzuri na vina vilivyokaa sawasawa, alighani shairi kuhusu kijiji alichokitaja kwa jina. Alisema kisima cha kijiji hicho kimekauka, na wenyeji wake wamekaa chini ya mwembe wakisubiri msaada. Alipomaliza, mzee mmoja alisimama nyuma ya ukumbi. "Mwanangu," alisema, "mimi natoka kijiji hicho. Kisima hakijakauka. Juzi nimechota maji pale kwa mkono wangu, na kisima chenyewe tulikichimba sisi." Kijana akatabasamu, akajibu: "Shikamoo, mzee. Huo ni ukweli wako. Huu ni ukweli wangu." Ukumbi ukapiga makofi. Mzee akaketi.

Nimeyatafakari makofi yale tangu siku hiyo. Kukosea si hoja. Mshairi akikosea hurekebishwa, nasi sote tumewahi kurekebishwa. Kilichonikera ni kwamba jibu lake lilifunga mlango wa kurekebishwa. Mzee alikuja na habari ya ndoo yake, na ukumbi mzima wa watu wanaojiita walinzi wa lugha ukakubali kwamba ndoo ya mzee na beti za kijana zina uzani mmoja, kila moja na mwenyewe. Nami nilikaa kimya. Leo nasema nililopaswa kulisema siku ile: ukweli hauna mwenyewe, na lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi tunaoitumia.

Nianze na maneno, maana humo ndimo tulimopotelea kwanza. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za fasihi ambamo "ukweli na uhalisia" huandikwa kama pacha wasiotenganishwa. Mwanafunzi huanza na "fasihi ni kioo cha jamii", kisha husema mwandishi "ameonyesha ukweli na uhalisia", na sisi walimu tukatia alama ya vema. Hatukumwuliza hata siku moja kama maneno hayo mawili ni jambo moja, na kama ni mawili, tofauti yake ni ipi. Tulichokipanda darasani ndicho kilichopigiwa makofi ukumbini.

Njia rahisi ya kuyatenganisha maneno ni kuyatafutia vinyume. Kinyume cha kweli ni uwongo. Kinyume cha halisi ni bandia. Noti huweza kuwa bandia, lakini noti haisemi uwongo. Anayesema uwongo ni yule anayekupa akidai ni fedha. "Halisi" ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitu kisafi kisichochanganywa na kingine: maziwa halisi, dhahabu halisi. Ni sifa ya vitu. "Kweli" ni sifa ya kauli. Twasema "sema kweli", twasema "msema kweli". Haiokotwi njiani kama jiwe, hutoka kinywani. Mtu ataniambia kwamba twasema pia "dhahabu ya kweli". Ndiyo, lakini hapo tunaazima. Maana yake ni kwamba atakayeiita dhahabu atakuwa amesema kweli.

Lipo neno la tatu, nalo Shaaban Robert alilifanya kuwa jina la nchi: Kusadikika. Jambo husadikika likikubalika kwa anayelisikia. Kwa hiyo tuna makazi matatu. Uhalisi hukaa katika vitu na mambo yenyewe. Ukweli hukaa katika kauli zinazosemwa juu ya mambo hayo. Kusadikika hukaa katika mioyo ya wasikilizaji. Kauli ya kijana ilisadikika, na makofi ni ushahidi. Lakini makofi hayakaushi kisima, wala hayakijazi.

Uhusiano wa makazi haya si fumbo geni. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza kwamba anayekisema kilichopo kuwa kipo, na kisichokuwapo kuwa hakipo, ndiye asemaye kweli. Mwanamantiki Alfred Tarski wa Poland, katika kazi yake ya mwaka 1933, alilitafutia wazo la namna hiyo umbo la kimantiki. Tukilitia katika mfano wetu, kauli "kisima kimekauka" ni ya kweli iwapo kisima kimekauka, na iwapo kimekauka tu. Haisemi "iwapo mshairi anaamini", wala "iwapo shairi ni tamu". Wanafunzi wangu waliona jambo hili ni dogo mno hata halistahili kuandikwa ubaoni. Ukumbi wa washairi umenionyesha kwamba lilistahili.

Sasa tuingie katika sarufi yetu wenyewe. Kiswahili hakikubali kirahisi jambo liwepo tu hewani. Tukitaka kusema kitu kipo, yatupasa kuchagua: kipo, kiko, au kimo. Kipo mahali panapojulikana. Kiko mahali kusiko dhahiri. Kimo ndani ya kitu. Sarufi ya mahali imeingia hadi katika neno la kuwapo lenyewe. Hata tukisema "haki ipo", msikilizaji ana haki ya kuuliza "ipo wapi?", na msemaji anadaiwa jibu: katika baraza gani, kwa ajili ya nani. Mzee wa kisima alijibu swali la wapi kabla hajaulizwa. Kijana alipoambiwa "hakipo unavyosema", alijibu kwa "-angu". Aliulizwa mahali, akataja umiliki.

Ninaijua nguvu ya viambishi hivi kwa sababu niliwahi kuvitumia vibaya. Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari. Tulikuwa tumepokea vitabu 40 vya fasihi. Vilifungiwa stoo, vikiwa bado katika karatasi zake, kwa kuogopa visichanike wala visipotee. Mkaguzi alipokuja, alifungua daftari lake akaniuliza: "Vitabu vya fasihi vipo?" Nikajibu: "Vipo." Akatia alama, akaendelea na maswali mengine. Alipoondoka, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa karibu na dirisha aliniambia kwa adabu: "Mwalimu, lakini sisi hatuna." Nikamjibu: "Vipo, vitatolewa." Darasa lile lilifanya mtihani kwa kutegemea nilichokiandika ubaoni. Vitabu vilitolewa baada yao.

Nilijitetea moyoni kwa miaka mingi kwamba sikusema uwongo. Neno kwa neno, kauli yangu ilikuwa ya kweli: vitabu vilikuwamo stoo. Lakini mkaguzi hakuuliza kuhusu stoo. Swali lake lilihusu madawati, na madawatini havikuwapo. Nilichukua ukweli mmoja nikaufanya pazia la kufichia uhalisi mwingine. Tazameni basi jinsi ukweli na uhalisi unavyotofautiana: uhalisi una mengi mno, na kauli moja hutaja sehemu tu. Anayechagua sehemu ya kutaja amebeba dhamana. Ndiyo maana sisemi kwamba kauli ya kweli inatosha. Nasema ndiyo ngazi ya kwanza, na kijana wetu ameing'oa hata hiyo.

Fikirini pia lile neno la msichana, "sisi hatuna". Kama ningekuwa nimejifunza lugha ya siku hizi, ningemjibu: "Binti yangu, huo ni ukweli wako." Lingekuwa jibu laini kuliko lile nililompa, na baya zaidi. Jibu langu la "vipo" lingeweza kupimwa: angefungua mlango wa stoo, angehesabu, angenishitaki kwa mkuu wa shule. "Ukweli wako" haufunguliwi kwa ufunguo wowote. Humwacha mlalamikaji na lalamiko lake, akiwa ameheshimiwa na kupuuzwa kwa pumzi moja.

Hapa nitajibiwa na watu makini, na nawaheshimu. Watasema: mwalimu, nani aliyewahi kutoka nje ya fikra zake akaulinganisha uhalisi na maneno? Kila unachokiita ukweli ni maoni ya mtu fulani aliyesimama mahali fulani. Hoja hii ina mtetezi mkubwa barani kwetu. Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2022, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1980 kwamba ukweli si kitu kingine zaidi ya maoni. Na ni huyuhuyu Wiredu aliyetuhimiza Waafrika tuyapime maswali ya falsafa kwa lugha zetu. Alionyesha kwamba katika Kiakan, lugha yake, usemi wa kuwapo hubeba ndani yake maana ya kuwa mahali. Sisi wa "-po", "-ko" na "-mo" tunapaswa kumsoma kama jirani.

Kwanza, nimwondolee mzigo usio wake. Wiredu hakusema kila wazo linalomjia mtu ni kweli kwake na basi. Maoni aliyoyakusudia ni yale yanayofikiwa kwa uchunguzi na hoja, yaliyo tayari kupimwa na kuachwa. Kijana wa "ukweli wangu" hawezi kujificha nyuma yake, kwa kuwa alipoletewa hoja aliikataa kwa tabasamu.

Lakini hata Wiredu mwenyewe nampinga, na nampinga kwa kutii wito wake wa kufikiri kwa lugha yangu. Kiswahili kina neno dogo ambalo nadhani linaubomoa msimamo wake. Neno hilo ni "kumbe".

Nilidhani kisima kina maji; kumbe kilikuwa kimekauka. Nilidhani yule ni rafiki, kumbe adui. Kama ukweli ungekuwa maoni tu, ningesema: jana nilikuwa na maoni haya, leo nina maoni yale. Nguo imebadilishwa, basi. "Kumbe" haisemi hivyo. "Kumbe" hurudi nyuma. Husema kwamba hata jana, nilipokuwa nimeshika maoni yangu kwa mikono miwili, hata kabla mtu yeyote hajaona wala kusema, jambo lenyewe lilikuwa vingine. Wiredu angeweza kunijibu kwamba hata "kumbe" ni maoni yangu mapya kuhusu jana. Sawa, ni yangu, na huenda kesho nikasema "kumbe" nyingine juu ya hiyo. Lakini kila "kumbe" hukiri kwamba kuna kitu kilichokuwa kinanisubiri, kisichonihitaji ili kiwe kilivyo. Hakuna aliyetoka nje ya fikra zake kwenda kukutana na kitu hicho. Ni chenyewe kilichomjia, kwa ndoo iliyopanda tupu.

Kwa hiyo namkubalia Wiredu kwamba sote tunasema tukiwa mahali. Kuona ni kwa mahali. Mimi nikiwa mlangoni naona kisogo, wewe ukiwa dirishani unaona uso. Hayo ni mambo mawili yanayomhusu mtu mmoja, wala si kweli mbili zinazopigana. Tukiulizana "umesimama wapi?" tutaelewana. Tukisema "kila mtu na ukweli wake" hatutaulizana tena.

Wapo watakaonikumbusha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Methali hii hutumiwa kana kwamba usemi huumba jambo. Isikilizeni tena. Nusu yake ya pili inasema "kama halipo". Wahenga walijua kwamba kusemwa ni kimoja na kuwapo ni kingine. Wanatuonya tusipuuze uvumi, hawatuambii uvumi ni jambo.

Sasa niwafikie malenga wenzangu wenye wasiwasi kwamba mwalimu huyu anataka ushairi ugeuke taarifa ya habari. La. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, habari ya nchi iliyo angani. Hakuna aliyetoka na ngazi kwenda kuitafuta, wala aliyemwita mwongo, kwa kuwa mwandishi hakudai kwamba nchi hiyo ipo. Jina lenyewe linatangaza kuwa ni nchi ya kusadikiwa. Anachokidai ni kingine: kwamba wapo watawala wanaomshitaki mtu kwa kufundisha watu sheria, kama Karama anavyoshitakiwa. Msomaji wa Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza hakuhitaji kuelezwa nchi hiyo iko wapi. Uhalisi wa Kusadikika haupo. Ukweli wake upo, na una mahali.

Euphrase Kezilahabi naye, baada ya riwaya zilizofuata mkondo wa uhalisia, alituandikia Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990, akauacha mkondo huo kabisa. Mtu anaweza kuzipenda au kuzichukia, lakini hawezi kusema zimemdanganya. Tangu kurasa za mwanzo msomaji anajua yumo katika ndoto na fumbo, na anasoma hivyo.

Hiyo ndiyo ruhusa ya mshairi, nayo ni pana kuliko bahari. Kijana wetu angeweza kuimba kisima kisicho na jina, na mzee angekielewa kama sitiari. Wazee wetu wamelelewa na mafumbo. Angeweza pia kukitaja kijiji kwa jina kama shahidi, na hapo angepaswa kwenda kuchungulia kisima kwanza. Alichofanya ni kuchukua heshima ya shahidi na uhuru wa mfumbaji kwa pamoja. Aliwaaibisha watu waliopo, wenye jina na mahali, kisha alipodaiwa akakimbilia nafsini mwake.

Naujua pia upande wenye uchungu wa jambo hili. Kuna wanaosema "huu ni ukweli wangu" kwa sababu wameumizwa na kila walipofungua kinywa waliambiwa wanazua. Kwao nasema kwa upendo: mmepewa silaha butu. Ninyi mna ushahidi. Mtu anayesema "haya yalinipata, mahali fulani, siku fulani" anadai jambo hilo liwe kweli kwa kila mtu, hata kwa yule aliyemtenda. Anayesema "ni ukweli wangu" anamruhusu mtesi wake kujibu kwamba naye ana wake. Kumbukeni kuwa "hakika" na "haki" zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Asili ya neno si hoja, lakini katika jambo hili asili na maisha vinakubaliana: pasipo hakika, mnyonge hana cha kusimamia mbele ya hakimu.

Hivyo napendekeza mambo mawili, na nitafurahi mkinipinga kwa hoja. La kwanza ni la istilahi. Tuliache neno "uhalisia" kwa mkondo wa fasihi na sanaa, na tutumie "uhalisi" kwa hali ya mambo yalivyo. Wapo wanaofanya hivyo tayari; tuufanye uwe mwenendo wa wote, na mwalimu anayesahihisha insha adai tofauti hiyo. La pili ni la viambishi vya umiliki. Tuseme maoni yangu, ushahidi wangu, hisia zangu, kumbukumbu yangu. Yote hayo yana wenyewe na hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini ukweli tuuache pale Kiswahili kilipouweka tangu zamani, katika ule usemi wa kawaida kabisa: ukweli wa mambo. Neno ni la msemaji. Ukweli wake ni wa jambo lenyewe.

Nilimtafuta yule mzee baada ya kikao nikamwomba radhi kwa ukimya wangu. Alicheka, akaniambia nisijali, kisima kipo, nikipita njia hiyo nikaribie ninywe maji. Msichana wa kidato cha tatu sikupata kumwomba radhi. Kwake naandika ubeti huu, kisha naweka kalamu chini:

Nilikipima kitabu, kwa neno si kwa kiganja,
Nikajitia aibu, kwa kauli ya ujanja,
Mgeni kapata jibu, dawati kama kiwanja,
Kweli isiyo mahali, ni jina lisilo mtu.